Shangazi na Mbuzi wa Maabara

Shangazi yangu anauza nyama na hana shoka. Asiyeijua kazi ya bucha hataona ajabu hapo, kwa hiyo nieleze kidogo. Bucha nyingine zote za mtaa wetu zina gogo katikati na shoka juu yake. Mteja akitaka mguu, shoka linapanda, shoka linashuka, pu! Mfupa unapasuka, vipande vinaruka hadi kwenye mizani, na ukifika nyumbani unakula huku unatema kokoto. Kwa Shangazi hakuna pu. Ana kisu kimoja, chembamba kwa kunolewa miaka mingi, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli. Anabonyeza nyama kwa kidole gumba, anatafuta, anatulia, kisha anasema, "Mlango huu hapa," na kisu kinaingia kwenye kiungo kama ufunguo. Mguu unaachia wenyewe.

Hakuanza hivyo kwa kujidai. Alifundishwa na babu, na babu alikuwa na mkono wa kulia uliokufa ganzi tangu ujana wake. Hakuweza kuinua shoka, ndiyo maana akajifunza kupita milangoni. Shangazi alikua akidhani wauza nyama wote wanafanya vile. Anasema siku alipoona shoka kwenye bucha ya mtu mwingine kwa mara ya kwanza, alidhani wanapasua kuni.

Shule aliishia darasa la nne. Mimi nilifika la sita, ndipo nikaja kukaa kwake. Msomi wa nyumba yetu ni mmoja tu, binti yake, binamu yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Redio. Ukimwasha humzimi. Wakati wa mambo haya alikuwa kidato cha tatu, mkondo wa sayansi, na tangu akiwa na miaka saba alikuwa akisema atakuwa daktari wa mifugo. Aliwaambia wateja. Aliwaambia hata mbuzi wenyewe, ambao kwa mahali walipokuwa haikuwafariji sana.

Mchana mmoja Redio aliingia dukani akiwa bado na sare, na nyuma yake mwanamume mrefu mwenye vumbi la chaki kwenye mifuko ya suruali.

"Mama, nimekuja na mwalimu. Usikasirike kwanza."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu, mama!"

"Basi umesema nini?"

Yule mwalimu akacheka, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Hajakosa. Mimi ndiye mwenye shida."

Akaeleza. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa biolojia alihamishwa mwanzoni mwa mwaka, hajaletwa mwingine, kwa hiyo na hilo somo amebebeshwa yeye: anasoma leo, anafundisha kesho. Sasa ofisi ya elimu imeleta barua. Baada ya wiki mbili na siku tatu, Ijumaa, mkaguzi anakuja kukagua maabara. Darubini ipo moja, chupa zipo. Kisichokuwepo ni kiunzi cha mnyama, yaani mifupa yake yote, imeungwa, imesimama. Mkaguzi asipokikuta, mkondo wa sayansi unafungwa.

"Na hawa watoto?" Shangazi akauliza. Kisu chake kilikuwa kimesimama.

"Wachache watahamishiwa shule nyingine, ambayo ni saa tatu kwa basi. Wengine watabadilishiwa masomo."

Nilimtazama Redio. Alikuwa amefunga mdomo. Tangu niishi naye sikuwahi kumwona amefunga mdomo akiwa macho.

"Bucha nyingine umeshapita?"

"Nimepita tatu. Wa kwanza alinipa ndoo. Nilihesabu vipande mia mbili na kumi na nane, mama, na hapakuwa na hata kimoja ambacho ni mfupa mzima. Wa pili na wa tatu walinicheka. Ndipo binti yako akasimama darasani akasema wewe hutumii shoka."

"Alisimama akasema nini kingine?"

"Mengi," mwalimu akakiri.

Shangazi akafuta kisu kwenye aproni, upande huu, upande ule. "Mwanangu hatabadilishiwa masomo kwa sababu ya mifupa," akasema. "Mifupa ndiyo kitu pekee nisichokosa."

Siku ile wateja waliokuja walipata nyama tupu, wakashangaa ukarimu wa namna gani huu. Mifupa yote ya yule mbuzi ilibaki kwetu. Tuliichemsha kwenye sufuria kubwa hadi nyama ikaachia, tukaikwangua, tukailoweka siku mbili kwenye maji ya sabuni ya unga, tukaianika juu ya bati la stoo chini ya wavu, maana mbwa wa jirani alikuwa ameshapata habari. Shangazi aliifunga kwa mafungu. Mguu wa mbele wa kulia kitambaa chekundu, wa kushoto cha bluu, ya nyuma njano na kijani. Pingili za uti wa mgongo alizitunga kwenye kamba, moja moja, kwa mpangilio wake, kama anatunga shanga. Mwalimu alipokuja kuchukua gunia, Shangazi alimwambia, "Humu yumo mbuzi mzima, isipokuwa nyama, ngozi na kelele."

Baada ya siku nane walirudi watatu. Mwalimu, Redio, na kijana mwenye miwani na daftari gumu ambaye wenzake wanamwita Profesa. Yeye ndiye kiongozi wa darasa lao na ndiye aliyesimamia kuunga. Nyuso zao zilinitosha kujua kuna jambo. Dukani palikuwa na wateja wanne, na fundi viatu wa mlango wa pili, ambaye si mteja ila hapitwi na kitu.

"Mama," mwalimu akaanza polepole, "labda tuzungumze pembeni."

"Pembeni gani? Duka langu lina pembe moja na imejaa utumbo. Sema."

Mwalimu akamtazama Profesa. Profesa akafungua daftari, akasafisha koo.

"Tatizo la kwanza. Mbavu zimezidi. Zinatakiwa kumi na mbili kila upande, zimekuja kumi na tatu. La pili. Meno ya mbele ya juu hayamo, yote. La tatu, ndilo kubwa. Mfupa unaounga bega na kifua, unaoitwa mtulinga, haupo wa kulia wala wa kushoto. Tumetafuta kwenye gunia, tumefagia maabara, tumetafuta hadi bustanini." Akafunga daftari. "Maoni ya kamati ni kwamba mbuzi wamechanganywa."

"Wamechanganywa vipi?"

"Kwamba ni mbuzi wawili, mama. Mmoja ametoa mbavu za ziada, na mwingine… mwingine alipungukiwa."

Fundi viatu akapiga paja. "Nilijua! Ile nyama ya Jumanne nilihisi kabisa inabishana yenyewe kwa yenyewe mdomoni!"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Miaka ishirini na mbili amekaa pale, watu wanaacha bucha tatu njiani kuja kwake, na sababu ni moja tu: akikuambia ndicho, ndicho. Mteja mmoja mwanamke alikuwa ameshaanza kuutazama mfuko wake wa nyama kwa jicho la wasiwasi.

"Mama hachanganyi!" Redio akasema, na sauti yake ilipasuka. "Niliwaambia hachanganyi, hawanisikii!"

"Nyamaza kidogo, mwanangu." Shangazi akaweka kisu chini. "Wewe mwenye daftari. Hizo hesabu za kumi na mbili umezitoa wapi?"

"Kwenye chati ya maabara."

"Chati imechorwa mbuzi?"

Profesa akafungua daftari tena. Akamtazama mwalimu.

"Tuna chati moja tu," mwalimu akasema, akikwepa macho yake. "Ya mwanadamu. Lakini nilidhani… mifupa ni mifupa, mama. Mbuzi ana kichwa, shingo, mbavu, viungo vinne. Sisi pia."

Shangazi akachukua kisu chake tena, si kwa hasira. "Kesho ni Jumatano," akasema. "Nakuja shuleni. Na nitakuja na mbuzi."

Nilikwenda naye, nikimbebea beseni. Alivaa gauni lake la sherehe na juu yake aproni nyeupe mpya, yenye mikunjo bado. Getini alisimama. Nilidhani amechoka na mzigo, maana alikuwa amebeba mbuzi mzima aliyechunwa, amemfunga kwa kitambaa safi. Hakuwa amechoka. Alikuwa anatazama darasa la mwisho upande wa kushoto, lenye madirisha ya nondo. "Nilikaa pale," akasema. "Dawati la nyuma. Mwalimu alikuwa ananiita Mzigo." Nikakumbuka kuwa zamani majengo yale yalikuwa shule ya msingi. Akarekebisha kitambaa begani, akaingia.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za saruji na mabomba yasiyotoa maji. Ukutani ile chati: mtu ameraruliwa ngozi nusu, anatabasamu nusu. Na mbele ya ubao, juu ya meza, alisimama yule mbuzi wetu.

Maskini mbuzi. Walikuwa wamemwunga kwa waya na sipoku za baiskeli, kwa uangalifu kweli, huwezi kusema hawakufanya kazi. Lakini walikuwa wamemwunga ili afanane na chati. Jozi moja ya mbavu walikuwa wameiondoa wakaificha kabatini. Na mabegani, kwa kuwa mtulinga haukupatikana, Profesa alikuwa amechonga miwili ya mti, akaipaka rangi nyeupe, akaifunga. Miti ile ilikuwa imesukuma miguu ya mbele ikatanuka huku na huku.

Shangazi alimzunguka mbuzi mara moja. "Huyu," akasema, "anataka kumkumbatia nani?"

Darasa likalipuka. Hata Profesa alicheka, ingawa kwa kujilazimisha. Kisha kicheko kikaisha, na macho thelathini na moja, jozi thelathini na moja, yakabaki yanamtazama Shangazi. Mkono wake ulipapasa meza kama anatafuta mizani. Halafu akasema kitu pekee anachojua kuwaambia watu waliopanga mstari mbele yake:

"Haya. Mnataka sehemu gani?"

Walicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa upande wake, na mkono wake ukaacha kupapasa.

Alimtundika mbuzi kwenye nondo ya dirisha. "Mwenye daftari, njoo. Shika huu mguu wa mbele, uvute kwako. Usiogope, hana deni na wewe. Wengine nyamazeni, msitazame. Fumbeni macho, sikilizeni. Mkisikia mfupa, pigeni kelele."

Wakafumba. Mimi sikufumba. Kisu kiliingia chini ya kwapa, kikapanda nyuma ya kombe la bega, laini, bila haraka, kama mtu anayefunua bahasha asitake kuichana. Ghafla Profesa akarudi nyuma hatua mbili na mguu mzima mikononi, kombe lake likiwa juu, pana kama jani.

"Mmesikia mfupa?"

"Hapana!"

"Profesa, tazama hapo ulipotoka. Kuna mfupa uliokatika? Kuna kishimo cha kiungo?"

Profesa alitazama kifua cha mbuzi. Akapitisha kidole. Akageuza kombe, akalipapasa pande zote. "Hakuna," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni nyama tu."

"Nyama tu. Sasa sikilizeni mguu wa nyuma." Kisu kikazama kwenye nyonga, Shangazi akapinda mguu kidogo, na chumba kizima kikasikia: tok. Akawaonyesha kichwa cha mfupa, cha mviringo, kinang'aa, na kishimo kilipokuwa kimelala. "Wa nyuma una mlango. Wa mbele hauna. Wa mbele umefungwa kwa nyama, kama mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kanga. Mbuzi mia ngapi nimewafungua, sijui, sikuandika. Lakini ule mfupa wenu wa mti sijauona hata siku moja. Na mbavu ni kumi na tatu. Zirudisheni zilikotoka."

"Na meno, mama?" akauliza msichana mmoja.

"Meno ya mbele ya juu hana. Ni mapengo ya kuzaliwa. Mama yake hana, bibi yake hana. Angalieni." Akafungua mdomo wa kichwa alichokuwa nacho kwenye beseni, na kila mmoja akapita akigusa ule ufizi mgumu.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amesimama kando muda wote, mkono mmoja chini ya shingo yake mwenyewe. Alikuwa anaupapasa mtulinga wake. "Kila mmoja ajiguse hapa," akasema ghafla. "Kutoka kifuani hadi begani. Mmeupata? Sasa inueni mikono, itanueni." Mikono thelathini na mmoja, hapana, sitini na miwili, ikapanda. "Kwa nini sisi tunao na yeye hana? Nani anaweza?"

Redio, aliyekuwa amekaa juu ya meza bila ruhusa: "Kwa sababu mbuzi hampungii mtu mkono! Miguu yake inakwenda mbele na nyuma tu. Sisi tunatupa, tunabeba, tunakumbatia, lazima bega lishikiliwe mbali na kifua. Na mbuzi akiruka ukutani anatua kwa miguu ya mbele. Angekuwa na mfupa pale, ungevunjika kila siku. Nyama inanesa!"

Mwalimu alimtazama, akamtazama Shangazi, kisha akaenda ubaoni akaandika kwa herufi kubwa, akipiga mstari chini mara mbili: MBUZI HANA MTULINGA. Chini yake akaandika: KILA MTU ANAO. ASANTE, MAMA. Alipomaliza akaichomoa ile miti myeupe kutoka kwenye mbuzi, akaitia mfukoni. Zilibaki siku mbili.

Siku mbili hizo Shangazi alifunga duka saa nane mchana, jambo ambalo hata kwa msiba wa jirani halikuwahi kutokea. Yeye na darasa zima walimfungua yule mbuzi wakamwunga upya. Makombe ya bega waliyaning'iniza kwa kamba laini iliyopakwa rangi nyekundu, ili mtu ajue hapo ni msuli, si mfupa. Na jinsi walivyounga ndivyo alivyowauliza. Goti la mbuzi liko wapi? Wote walionyesha ule mkunjo wa mguu wa mbele. "Hicho ni kifundo cha mkono," akasema, akashika mkono wake mwenyewe kuwaonyesha, bega, kiwiko, kifundo, kila kimoja dhidi ya mwenzake. "Tangu hapo kwenda chini ni kiganja na vidole. Mbuzi anatembea kwa kucha, kama mtu anayenyemelea mlango wa mkwe." Walimwuliza majina ya kitabuni, hakuyajua. Wakampa. Akayarudia, kombe, paja, pingili, kifundo, akiyaonja moja moja.

Ijumaa asubuhi, mkuu wa shule alitukuta mlangoni mwa maabara. Ni mtu mpole, lakini siku ile alikuwa na jasho. "Mama, tunakushukuru sana," akasema. "Ila nielewe. Mkaguzi akikuta muuza nyama ndani, nitajieleza vipi? Kaa hapa nje tu, kwenye kivuli."

"Sawa, baba," Shangazi akasema. Tukakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Aproni ilikuwa imepigwa pasi. Miguuni pake palikuwa na kikapu kilichofunikwa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba na fomu kwenye ubao wa kuandikia. Kupitia nondo nilimwona akiweka alama: darubini, chupa, mabomba hayana maji, akaandika. Akafika kwa mbuzi. Alihesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikitembea. Akasimama mabegani. Akahesabu tena.

"Mitulinga hamna," akasema. "Kulia wala kushoto. Kiunzi hakijakamilika." Na kalamu ikashuka kwenye fomu.

Shangazi alinishika goti.

"Tutaitafuta, mheshimiwa," mkuu akaanza, "labda wakati wa kusafisha ili…"

"Samahani, mama mkaguzi." Ilikuwa sauti ya Profesa. Alikuwa amesimama, miwani imeteleza puani. "Haitapatikana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haipo. Mbuzi hana mtulinga. Hata mimi nilikosea, nilimchongea wa mti." Akatoka mahali pake, akaenda kwa kiunzi. "Mguu wa mbele haugusani na kifua kwa mfupa popote. Hii kamba nyekundu ni misuli."

Mkaguzi akavua miwani. "Fomu yangu inasema mifupa yote."

"Ndiyo hii, mama. Yote."

"Na mbavu mbona kumi na tatu?"

"Ni zake!" darasa zima likajibu kwa pamoja, kwa nguvu kiasi kwamba njiwa waliruka juu ya bati.

Mkaguzi akauliza mwingine, kijana wa nyuma kabisa, mkimya, ambaye siku zote mbili sikuwahi kusikia sauti yake: goti la mbuzi hili la mbele lina nini? "Hilo si goti, mama," akasema akitazama meza. "Ni kifundo cha mkono. Goti liko nyuma, juu, karibu na tumbo." Akajigusa mwenyewe, kifundo, goti, akaketi.

"Mmesoma haya kitabu gani?"

Wakatazamana. "Bucha," Profesa akasema.

Hakuna aliyecheka. Mkaguzi aliweka kalamu mezani. Kisha akasema, "Maneno ni maneno. Nitaandika ninachokiona kwa macho yangu. Nani anaweza kunithibitishia?"

Redio hakumwomba mtu ruhusa. Alikuja dirishani, akaweka uso kati ya nondo: "Mama! Ingia!"

Mkuu wa shule alifumba macho. Shangazi alisimama, akachukua kikapu, akapita mlangoni. Hakupapasa meza safari hii. "Shikamoo, mama," akamwambia mkaguzi, ingawa nadhani walikuwa rika moja. Akafunua kikapu. Ndani mlikuwa na nusu ya mbele ya mbuzi, safi, kifua na bega pamoja. Shangazi haendi mahali mikono mitupu.

"Nikikata mimi na wao wakashika, utasema tumepanga," akasema. "Shika wewe mwenyewe."

Mkaguzi alimtazama, akavua saa, akakunja mikono ya blauzi. Akashika mguu. Kisu kikaingia chini ya kwapa. Nilisikia kalamu ikibingirika mezani na kuanguka. Hakuna mfupa uliolia. Mguu ukabaki mikononi mwa mkaguzi, na kombe lake.

Aliingiza vidole mahali bega lilipokuwa, akatafuta kwa makini, akatafuta tena. Alifanya kama mtu aliyepoteza pete. Kisha akanawa kwenye beseni letu, akakausha mkono, na polepole akaupeleka chini ya shingo yake, akaufuata mfupa wake mwenyewe kutoka kifuani hadi begani.

"Miaka kumi na tisa nakagua maabara," akasema. "Viunzi vya mbuzi nimeviona. Vilivyokosa mtulinga nimeviandika vibaya." Akaokota kalamu. Tukaona mkono wake unafuta, mstari mmoja mrefu, na kuandika juu yake. Akasoma kwa sauti, kama sheria yao inavyotaka: "Kiunzi kimekamilika. Mkondo wa sayansi unaendelea."

Siwezi kuandika kelele ile. Meza za saruji zilipigwa kama ngoma. Redio alimrukia mama yake na damu ya mbuzi ikaingia kwenye shati jeupe la sare, na Shangazi, ambaye kwa kawaida angemwambia sabuni haiokotwi, alimwacha amshikilie hivyo hivyo, mikono ameitanua pande zote mbili ili kisu kisimguse mtu.

"Nani anafundisha mifupa hapa?" mkaguzi akauliza kelele zilipotulia. "Kuna nafasi kwenye fomu."

"Mimi nafundisha hesabu," mwalimu akajibu. "Mifupa anafundisha yeye."

Mkuu wa shule akakohoa. Lakini mkaguzi alikuwa ameshauliza jina, na ameshaandika, na pale penye neno mwalimu hakukata. Alipofika mlangoni akageuka. "Mama, umesomea wapi?"

"Hapa hapa," Shangazi akasema, akaonyesha kwa kisu darasa la mwisho upande wa kushoto. "Dawati la nyuma."

Tangu wakati huo kila Jumatano duka linafungwa saa nane. Amefikia moyo na mapafu sasa. Wiki iliyopita aliyapuliza mapafu ya ng'ombe kwa pampu ya baiskeli, na watoto wawili wakatoka nje kutapika, wakarudi wenyewe. Fundi viatu amebadili wimbo, anawaambia wateja kwamba yeye ndiye aliyegundua kipaji. Mteja mwenye jicho la wasiwasi ameleta mwanawe aandikishwe sayansi. Watoto wakipita barabarani wanaita, "Shikamoo, mwalimu!" na Shangazi hajibu haraka; kwanza anawaacha waite mara ya pili.

Ukiingia dukani kwetu, tazama ukuta nyuma ya mizani. Kuna msumari ambao umekaa wazi miaka yote, mahali ambapo wenzake Shangazi wanatundika shoka usiku. Mwalimu wa hesabu alikuja mwenyewe na nyundo kuukaza. Pametundikwa mitulinga miwili ya mti, imepakwa rangi nyeupe. Mgeni akiuliza ni mifupa ya nini, Shangazi anamwambia aweke kwanza kidole hapa, chini ya shingo.